Kuchora nasaba ya Wavalois ili uone kwa macho jinsi ukoo ulivyopanda na ulivyozimika

Wavalois walikaa kwenye kiti cha enzi cha Ufaransa miaka 261, tangu 1328 hadi 1589, wafalme 13 kwa jumla. Watano kati yao waliitwa Charles. Ukiongeza maduki wa Burgundy, Anjou na Orléans waliorithishana majina yaleyale, msomaji wa maandishi matupu hupotea kabla hajafika nusu ya safari.

Mchoro ndio dawa yake. Ila mti wa ukoo tuliouzoea, ule wa visanduku vilivyounganishwa kwa mistari, hautoshi kwa kazi hii. Unakueleza nani alimzaa nani, lakini haukuelezi nani alikuwa hai siku ile kiti kilipobaki wazi, na katika ukoo huu hilo ndilo lililoamua karibu kila kitu. Mchoro unaoelezwa hapa ni wa pau: kila mtu ana upau wake unaoanza mwaka aliozaliwa na kukoma mwaka aliokufa, na miaka inashuka kutoka juu hadi chini ya karatasi. Tenga saa tano au sita. Usiufanye kwa haraka, kwa sababu kosa la milimita mbili hapa ni zaidi ya mwaka mzima.

Kanuni inayoendesha mchoro wote

Taji la Ufaransa lilimwendea mwanamume wa karibu zaidi kwa kufuata baba kwa baba, na tawi la mkubwa lilimalizwa kabla ya kugusa tawi la mdogo. Binti hakurithi, wala mtoto wa binti.

Kanuni hii ilijengwa kwa vipande. Mwaka 1316 Louis X alikufa akamwacha binti mdogo, Jeanne, na mke mjamzito. Mtoto aliyezaliwa, Jean I, aliishi siku chache tu. Philippe, ndugu yake Louis, akachukua taji, na mkutano wa Februari 1317 huko Paris ukakubali kwamba mwanamke harithi ufalme wa Ufaransa. Mwaka 1328 kipande cha pili kikaongezwa: mwanamke hawezi hata kumpitishia mwanawe haki hiyo, na hapo ndipo Edward III wa Uingereza alipofungiwa mlango. Jina la "Sheria ya Salika" lilikuja baadaye, baada ya maandishi ya zamani kufukuliwa huko Saint-Denis katikati ya karne ya 14, na halikushika kasi ila karne ya 15. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba mwaka 1328 mabwana waliifungua Sheria ya Salika wakahukumu kwayo, jua kwamba hoja ya wajukuu imewekwa kinywani mwa mababu.

Kwenye karatasi tunaigeuza kanuni kuwa mpangilio: matawi yanasimama kutoka kushoto kwenda kulia kwa ukubwa. Upau wa mfalme ukikoma bila mtoto wa kiume, weka kidole mahali ulipokoma, kisogeze kulia bila kupanda wala kushuka, na upau wa kwanza wa kiume utakaoukuta bado unaendelea ndio wa mfalme mpya. Ukiyapanga matawi kwa namna nyingine, kwa mfano kwa umaarufu au kwa ukubwa wa ardhi, mchoro utapendeza lakini hautajibu swali lolote.

Karatasi, skeli na safu

Tumia karatasi ya A2, milimita 420 kwa 594, iliyosimama wima. Kama unazo A3 tu, unganisha mbili kwa upande wao mrefu. Bandika ukanda wa karatasi nyuma ya kiungo. Usizipandanishe kingo, maana ukipandanisha unapoteza milimita kadhaa na skeli inavunjika katikati ya karatasi.

Skeli ni milimita 1.5 kwa mwaka mmoja. Anza na 1250 juu na umalize na 1600 chini. Hiyo ni miaka 350, yaani milimita 525. Zinabaki milimita 69: tumia 45 juu kwa kichwa na majina ya matawi, 24 chini ziwe ukingo. Kupata mahali pa mwaka wowote, toa 1250, zidisha kwa 1.5. Mwaka 1328 unaangukia milimita 117 kutoka mstari wa juu, 1422 kwenye 258, 1498 kwenye 372, 1515 kwenye 397.5, na 1589 kwenye 508.5. Kama rula yako ni ya sentimita 30 na unalazimika kuihamisha, pima kila alama upya kutoka mstari wa 1250. Anayepima kutoka alama iliyotangulia hujikusanyia makosa madogo madogo, na akifika karne ya 16 ana upungufu wa miaka mitatu.

Acha milimita 30 kushoto kwa mhimili wa miaka. Milimita 390 zilizobaki zigawe hivi, kushoto kwenda kulia:

Capet wa moja kwa moja (ukoo uliotawala kabla ya Wavalois): 60
Valois wa moja kwa moja: 90
Orléans: 35
Angoulême: 60
Anjou pamoja na Berry: 35
Burgundy: 45
Alençon: 20
Évreux: 20
Bourbon: 25

Safu ya Valois ni pana kwa sababu inahitaji njia tatu za pau. Mbili hazitoshi: Charles V alizaliwa 1338 wakati babu yake Philippe VI aliishi hadi 1350, na ukimpa mjukuu njia ya babu, pau mbili zitagongana kwa milimita 18. Safu ya Angoulême nayo itabanana chini, kwa kuwa Henri II aliacha wana wanne waliokua na wote lazima wasimame bega kwa bega. Kinyume chake, safu ya Capet inabaki tupu baada ya 1328. Pale chini andika ufunguo wa mchoro na orodha ya wafalme, usitafute nafasi kwingine.

Kuchora pau

Anza kwa penseli. Mfalme anapewa upau wa milimita 8, mwanamume asiyetawala milimita 4. Mwanamke ambaye ndoa yake au dai lake lilibadilisha mambo anapewa mstari mmoja mwembamba wa bluu. Miaka ya utawala ipake rangi ndani ya upau, na jina liandike kwa wima humohumo. Hata François II, aliyeishi miaka 16, ana milimita 24 za kutosha jina lake, ingawa utawala wake wa miezi 17 ni ukanda wa milimita mbili tu. Jean I wa 1316 hana upau. Mwekee nukta.

Hawa ndio wafalme, mwaka wa kuzaliwa kwanza, kisha miaka ya utawala:

Philippe VI: 1293, 1328–1350
Jean II: 1319, 1350–1364
Charles V: 1338, 1364–1380
Charles VI: 1368, 1380–1422
Charles VII: 1403, 1422–1461
Louis XI: 1423, 1461–1483
Charles VIII: 1470, 1483–1498
Louis XII: 1462, 1498–1515
François I: 1494, 1515–1547
Henri II: 1519, 1547–1559
François II: 1544, 1559–1560
Charles IX: 1550, 1560–1574
Henri III: 1551, 1574–1589

Saba wa kwanza wanakaa safu ya Valois, Louis XII safu ya Orléans, na watano wa mwisho safu ya Angoulême. Wote walikufa wakiwa kwenye kiti, kwa hiyo mwisho wa utawala ndio mwisho wa upau.

Juu ya Philippe VI mchore baba yake, Charles de Valois (1270–1325), ambaye ndiye aliyeupa ukoo jina. Alikuwa ndugu mdogo wa Philippe IV, na kwa hiyo baba mdogo wa wafalme watatu waliofuatana, na mwenyewe hakuvaa taji la Ufaransa. Katika safu ya Capet weka Philippe IV (1268–1314) na wanawe watatu: Louis X aliyekufa 1316, Philippe V aliyekufa 1322, Charles IV aliyekufa 1328. Pembeni yao mchoree mstari wa bluu dada yao Isabelle, mama wa Edward III, na mwingine wa Jeanne (1312–1349), binti wa Louis X, ambaye alinyimwa Ufaransa lakini mwaka 1328 akapata ufalme wa Navarre.

Kisha matawi. Orléans inaanza na Louis (1372–1407), mdogo wake Charles VI, anafuata Charles (1394–1465), halafu Louis XII. Jean d'Angoulême, aliyekufa 1467, ni mwana mwingine wa Louis huyohuyo wa Orléans. Mwanawe ni Charles (1459–1496), baba wa François I. Burgundy ni maduki wanne: Philippe le Hardi (1342–1404), Jean sans Peur (1371–1419), Philippe le Bon (1396–1467) na Charles le Téméraire (1433–1477), na chini yao mstari wa bluu wa Marie (1457–1482). Anjou inatoka kwa Louis (1339–1384), mwana wa pili wa Jean II, na mwanamume wa mwisho wa tawi hilo alikufa 1481. Jean de Berry (1340–1416) simamisha upau wake ukingoni mwa safu hiyohiyo. Wanawe walimtangulia kaburini.

Alençon na Évreux zinaweza kuchorwa kwa mstari mmoja wa jumla wenye alama ya mwisho: 1525 kwa Alençon, 1425 kwa Évreux. Bourbon vilevile. Weka Robert de Clermont (1256–1317), mwana mdogo wa Louis IX, kisha mstari wa vipande vipande ushuke hadi Antoine (1518–1562), na baada yake Henri, aliyezaliwa 1553. Mdogo wake Antoine, Kardinali Charles (1523–1590), akae kulia kwa Henri. Mahali hapo pa kardinali patakuwa na kazi baadaye.

Mistari ya mshazari: hapa mchoro unaanza kusema

Ukishapaka utawala, chukua penseli ngumu uchore mistari ya mshazari juu ya kila kipindi ambacho mfalme alikuwepo lakini hakuwa akitawala kwa mkono wake, ama kwa utoto, ama kwa utekwa, ama kwa ugonjwa. Wengi huruka hatua hii, na ni hasara, kwa maana ndiyo inayotofautisha taji lililokaa imara na taji lililoning'inia.

Jean II alitekwa Poitiers tarehe 19 Septemba 1356 na akaachiliwa 1360 kwa fidia ya ekyu (sarafu za dhahabu) milioni tatu, kiasi ambacho hakikulipwa chote. Alirudi London mwenyewe na kufia huko Aprili 1364. Faranga ya kwanza ilitengenezwa kwa amri ya Desemba 1360, katika shughuli ileile ya kumkomboa. Charles VIII alikuwa na miaka 13 alipoupata ufalme, Charles IX miaka 10. François I alikuwa mateka baada ya vita vya Pavia kuanzia Februari 1525 hadi Machi 1526, na hiyo ni milimita moja na nusu tu.

Sasa mtazame Charles VI. Upau wake wa utawala una milimita 63, mrefu kuliko wa Mvalois mwingine yeyote. Alitawazwa akiwa na miaka 11, na baba zake wadogo wakashika nchi hadi 1388. Hizo ni milimita 12 za mshazari. Agosti 1392, njiani karibu na Le Mans, akapatwa na wazimu kwa mara ya kwanza, na tangu hapo ulimjia na kumwachia hadi alipokufa 1422: milimita 45 nyingine. Kati ya vipande hivyo viwili zinabaki milimita sita safi. Milimita sita, katika utawala wa miaka 42. Kwa kuwa alikuwa na vipindi vya akili timamu, mishazari ya baada ya 1392 ichore kwa wepesi, lakini ichore. Ukisogeza jicho kulia kwa usawa huohuo utakuta upau wa Louis d'Orléans umekatika ghafla 1407, alipouawa Paris kwa amri ya Jean sans Peur, na upau wa Jean sans Peur umekatika 1419, alipouawa Montereau mbele ya mrithi wa taji. Weka alama ndogo ya msalaba mwekundu kwenye ncha zote mbili. Vita vya ndani vya Ufaransa vya wakati ule vinaonekana hapo bila neno hata moja.

Makosa yanayoharibu kazi, na yanakotoka

Kosa baya kuliko yote ni la kalenda. Ofisi ya mfalme wa Ufaransa ilihesabu mwaka mpya kuanzia Pasaka, hadi Amri ya Roussillon ya 1564 ilipousogeza kwenye tarehe 1 Januari. Maana yake tukio la Januari, Februari au Machi, na wakati mwingine la Aprili, limeandikwa kwenye hati za zamani kwa mwaka uliotangulia. Charles VIII aligonga kichwa kwenye kizingiti cha juu cha mlango huko Amboise akafa tarehe 7 Aprili 1498. Pasaka ya mwaka ule ilikuwa 15 Aprili, kwa hiyo hati za siku zile zinasema 1497. Vita vya Pavia vya 24 Februari 1525 vimeandikwa 1524. Louis XII alikufa 1 Januari 1515, na wa zama zake waliandika 1514. Kabla ya kuweka alama ya tarehe yoyote ya miezi hiyo, hakikisha chanzo chako kimekwisha kusahihisha. Usisahihishe mara mbili, kwa sababu kosa hilo nalo ni la kawaida.

Chini kabisa ya mchoro kuna mtego mwingine mdogo: Ufaransa iliingia kalenda ya Gregori Desemba 1582, siku iliyofuata tarehe 9 ikiitwa 20. Uingereza haikufuata. Barua ya London inayotaja kifo cha Henri III itatofautiana na ya Paris kwa siku 10, na zote mbili ni sahihi.

Mtego wa pili ni vyeo. "Duki wa Orléans" si mtu mmoja wala tawi moja. Philippe, mwana wa Philippe VI, alikuwa na cheo hicho na akafa 1375 bila mrithi halali, nacho kikarudi kwa taji, kisha akapewa Louis mdogo wake Charles VI. Henri II alikuwa nacho kabla kaka yake hajafa 1536, na Charles IX alikuwa nacho kabla ya 1560. Sababu ni utaratibu wa apanaji: mwana mdogo wa mfalme alipewa eneo la kuishi kwa hadhi, na uzao wake wa kiume ukiisha eneo linarudi kwa taji na kugawiwa upya. Basi usimpeleke mtu kwenye safu kwa sababu ya cheo. Mpeleke kwa sababu ya baba yake.

Burgundy ni mfano mkali zaidi. Kulikuwa na nyumba ya Burgundy ya kwanza, ya damu ya Capet, iliyoisha 1361 alipokufa Philippe de Rouvres. Hao si Wavalois na hawaingii kwenye safu yako. Jean II alilichukua eneo, akampa mwanawe wa nne, Philippe le Hardi, mwaka 1363. Na jina hilo la sifa nalo lina pacha: mfalme Philippe III, aliyekufa 1285, pia aliitwa le Hardi. Kadhalika Jean II mfalme aliitwa le Bon, na Philippe duki wa Burgundy aliitwa le Bon. Andika mwaka wa kufa kando ya kila jina la sifa, usiliache peke yake.

Majina ya watoto pia hubadilika. Charles VI alikuwa na wana watatu walioitwa Charles: wa kwanza alikufa mwaka aliozaliwa, 1386, wa pili aliishi 1392 hadi 1401, na wa tatu ndiye Charles VII. Kati yao kulikuwa na Louis, aliyekufa 1415, na Jean, aliyekufa 1417, wote warithi kwa zamu. Charles VII alikuwa mwana wa tano, na hakuna aliyemlea kwa kutarajia ufalme. Kwa Henri II na Catherine de Médicis, mwana aliyekuja kuwa Henri III alibatizwa Alexandre-Édouard, na mdogo wake François, duki wa Alençon na baadaye wa Anjou, alibatizwa Hercule. Ukikuta "Hercule" kwenye hati ya miaka ya 1550 usimtafutie upau mpya.

Mwisho, watoto wa nje ya ndoa. Jean, mwana haramu wa Orléans, aliyepigana pamoja na Jeanne d'Arc, ni mtu mkubwa katika vita vile, lakini kwa hesabu ya taji hayupo. Wachoree hao upau mtupu usiopakwa kitu, wenye mzingo wa nukta, ili kidole kisisimame juu yao kinapotafuta mrithi.

Kuusoma mchoro: mivunjiko minne

Chora mistari minne myekundu ya kulala kukatiza karatasi nzima: 1328, 1498, 1515, 1589. Kwenye kila mmoja fanya jaribio la kidole.

Mwaka 1328, Charles IV alikufa 1 Februari. Mkewe alikuwa mjamzito, kwa hiyo nchi ikangoja miezi miwili chini ya Philippe de Valois kama msimamizi. Tarehe 1 Aprili akazaliwa binti. Kidole kikitoka Charles IV kwenda kulia kinaingia moja kwa moja safu ya Valois na kumkuta Philippe. Ni mtoto wa baba mdogo, jirani kabisa. Alitawazwa Reims tarehe 29 Mei. Kupanda kwa ukoo huu kulikuwa hivyo tu: ndugu watatu walifuatana kufa bila kuacha mwana, na wao walikuwa mlango wa pili.

Mwaka 1498 kidole kinatoka Valois kwenda Orléans, safu ya pili yake. Mwaka 1515 kinatoka Orléans kwenda Angoulême, safu ya pili yake tena. François I alikuwa kitukuu wa Louis d'Orléans, na tayari alikuwa amemwoa Claude, binti wa Louis XII, tangu Mei 1514. Ndoa hiyo haikumpa taji. Ilichompa ni njia ya Brittany, kwa kuwa Claude alikuwa binti wa Anne de Bretagne. Chora mstari wa bluu wa Claude (1499–1524) ukitoka Orléans kuingia Angoulême, na uandike kando yake "Brittany", ili msomaji asichanganye haki mbili tofauti.

Angalia pia kile ambacho mchoro unakikataa. Mkataba wa Troyes wa 21 Mei 1420 ulimfanya Henry V wa Uingereza mrithi wa Charles VI kwa kumwoza Catherine, binti wa mfalme. Hakuna namna ya kukifikisha kidole kwa Henry V kwa kwenda kulia. Inabidi kiruke nje ya karatasi. Mchoree mshale wa nukta nukta kutoka kwa Catherine (1401–1437) hadi ukingoni. Henry V alikufa Agosti 1422, Charles VI Oktoba, na mwana wa Henry, mtoto mchanga, akatangazwa mfalme wa nchi mbili. Charles VII alitawazwa Reims tarehe 17 Julai 1429, baada ya Jeanne d'Arc kumfungulia njia. Katika upau wake pima utawala kuanzia 1422, na Reims iwekee alama ya nyota. Wanaoanzia 1429 wanakubali bila kujua hoja ya Waingereza kwamba kabla ya hapo hakuwa mfalme.

Sasa mstari wa 1589, na huu usiupite haraka. Henri II alijeruhiwa kwenye mchezo wa mikuki tarehe 30 Juni 1559, akafa 10 Julai akiwa na miaka 40. Aliacha wana wanne hai. Kwa ukoo wowote huo ni utajiri. Lakini shuka na pau zao: François II hakupata mtoto. Charles IX alimwacha binti halali mmoja, aliyekufa 1578. François wa Anjou, ambaye hakuoa, alikufa 10 Juni 1584. Henri III na mkewe Louise de Lorraine hawakupata mtoto, na tarehe 1 Agosti 1589 mtawa Jacques Clément alimchoma kisu Saint-Cloud. Alikufa usiku wa kuamkia tarehe 2. Weka kidole hapo, kwenye milimita 508.5, ukisogeze kulia.

Anjou imekwisha tangu 1481, Berry tangu 1416. Katika Burgundy mstari mkuu uliisha Nancy Januari 1477, na tawi lake dogo la Nevers 1491. Alençon 1525, Évreux 1425. Kidole kinapita milimita 120 za karatasi tupu kabla ya kugusa upau, na upau wenyewe ni wa Henri wa Navarre, ambaye babu yake wa pamoja na Henri III, kwa kufuata baba kwa baba, ni Louis IX, aliyekufa 1270. Ni vizazi 10 kutoka Louis IX hadi kwake. Linganisha na 1328, 1498 na 1515, ambapo mrithi alikuwa safu ya pili. Ukoo huu ulistahimili mfalme mateka, mfalme mgonjwa wa akili na mkataba uliomkana mwana wa mfalme, kwa sababu kila mara upande wa kulia palikuwa na mtu wa karibu. Mwaka 1589 hapakuwa na mtu.

Hapo ndipo mahali pa kardinali panapofanya kazi. Henri wa Navarre alikuwa Mprotestanti, na Muungano wa Wakatoliki ukamtangaza baba yake mdogo, Kardinali Charles de Bourbon, kuwa mfalme kwa jina la Charles X. Kwa kanuni ya kidole, Henri yuko kushoto kwake, kwa kuwa ni mwana wa kaka mkubwa. Ili kumfikia kardinali ilibidi wamruke Henri kwa hoja ya dini. Kardinali alikufa Mei 1590 akiwa kizuizini. Henri alirudi kwenye Ukatoliki Saint-Denis tarehe 25 Julai 1593 na akatawazwa Chartres tarehe 27 Februari 1594, kwa kuwa Reims ilikuwa mikononi mwa wapinzani wake.

Jambo moja la kuhakikisha kabla ya kuweka wino: bibi yake Henri, mzaa mama, alikuwa Marguerite d'Angoulême (1492–1549), dada wa François I. Kwa njia hiyo yuko karibu sana na Wavalois, na wengi humvutia mstari wa urithi hapo. Futa. Mstari huo ni wa bluu, na haukubeba taji. Mstari wake wa urithi unatoka safu ya mwisho kulia, kwa Antoine, na juu yake kwa Robert de Clermont.

Ukimaliza, chini ya mwaka 1600 pau na mistari mitatu itakuwa bado haijakoma, na kila mmoja unahitaji mshale mdogo wenye mwaka kwenye ule ukingo wa milimita 24. Wa Henri IV andika 1610. Mstari wa bluu wa Marguerite, binti wa Henri II aliyeolewa na Henri wa Navarre Agosti 1572 na baadaye ndoa yao kubatilishwa, andika 1615. Na ule upau mtupu wenye mzingo wa nukta wa Charles d'Angoulême, mwana wa Charles IX wa nje ya ndoa, aliyekuwa na miaka 16 siku Henri III alipouawa na ambaye hakuna aliyemfikiria kwa taji, andika 1650.